Wengi wape sawa, ila hiyo "wachache wasikilizwe" inaandikwaje kwenye kanuni za bunge?

Mkereketwa77

Habari za muda huu wakuu. Kuna kitu kinanikera muda mrefu nikaona nikilete humu maana najua kuna watu wamewahi kufanya kazi kwenye mabunge na wengine wamesoma sheria.

Msemo wetu ni wengi wape, wanasiasa wakauunganishia mkia, wachache wasikilizwe. Kipande cha kwanza hakina shida, kila bunge linakijua, mnahesabu kura aliyezidiwa anakaa chini. Mimi nasumbuliwa na huo mkia. Juzi nimekaa naangalia mjadala wa muswada mmoja mtandaoni mwanzo mwisho (ndio, sikuwa na kazi), kila mtu dakika tano, anatoa karatasi anasoma, anakaa, anasimama mwingine na karatasi yake ambayo haina undugu wowote na alichosema mwenzake, ukumbi nusu mtupu, waliopo wanachezea simu, alafu kengele inalia watu wanaingia mbio kutoka huko walikokuwa wanapiga kura walivyoagizwa na chama. Sasa upinzani walipewa muda wao wote kwa mujibu wa kanuni, hakuna aliyenyimwa hata dakika. Ndo wamesikilizwa hao? Kuongea wameongea.

Swali langu: ukipewa rungu la kubadili kanuni za bunge, sio kubadili wabunge (naomba tusianze na "tatizo ni wabunge wenyewe", hilo tunalijua), kanuni mbili tatu tu, ungegusa zipi ili mjadala uwe mjadala na wachache wawe na kitu mkononi? Bunge lolote, nchi yoyote, mnaojua ya huko nje leteni.

KaraniMstaafu

Mkuu umenishika penye kidonda. Mimi miaka kadhaa nilikuwa naandika taarifa rasmi za vikao, Hansadi, kwenye bunge ambalo sitalitaja. Hotuba nyingi tulikuwa tunaletewa karatasi kabla mtu hajasimama, na akikatwa na kengele anapita mezani kwetu anasema "hayo mengine mtayaingiza". Siku moja kurasa zilichanganyika, hotuba ya nne ikakaa ya pili na ya pili ikaenda ya sita, tukaja kugundua kesho yake kwa sababu ya namba za kurasa tu. Kwa kusoma usingejua kabisa! Hakuna aliyemjibu mwenzake hata mstari mmoja, sasa utajuaje nani alitangulia.

Lakini nikwambie kitu, dakika sio mahali pa kuanzia. Watu wengi wakitaka kuwasaidia wachache wanakimbilia kuwaongezea muda wa kuongea. Unawaongezea muda kwenye shughuli ambayo imeshaamuliwa. Nguvu ipo kwa anayepanga shughuli za siku, yani nani anaamua jambo gani liletwe, lini, na marekebisho ya nani yataruhusiwa kupigiwa kura. Angalia Baraza la Wawakilishi la Marekani, kuna Kamati ya Kanuni, kwa kawaida wajumbe 9 wa chama chenye wengi na 4 wa wachache, hata kama viti vya baraza zima wamepishana kidogo tu. Hiyo kamati ndo inatengeneza masharti ya mjadala wa kila muswada mkubwa, na ikiamua muswada uende "umefungwa" basi hakuna marekebisho ya mtu yeyote ukumbini, mnaongea saa moja mnapiga kura ndio au hapana. Hapo ulete msemaji bora duniani atabadilisha nini?

Mlango wa nyuma upo, kuna ombi la kuutoa muswada kwenye kamati, ukipata saini 218 kati ya 435 unautoa kwa nguvu bila kumuomba Spika. Mwaka 2002 muswada wa kudhibiti fedha za kampeni ulitoka hivo. Ila 218 ni wengi tayari, kwa hiyo huo mlango hauwasaidii wachache wakiwa peke yao, unawasaidia wakipata wachache wengine upande wa pili waliochoka na viongozi wao.

Kwa hiyo mimi ningeanza na siku. Wachache wawe na siku zao za kupanga wao. Uingereza upinzani una siku 20 kwa kila mkutano wa bunge wa mwaka, 17 za chama kikuu cha upinzani na 3 za kinachofuata. Ufaransa tangu mabadiliko ya katiba ya 2008 kuna siku moja kila mwezi ambayo ajenda yake wanaipanga makundi ya upinzani na makundi madogo. Siku hizo serikali ndo inakaa inajibu mada ambayo haikuichagua, na hilo tu linabadili hewa ya ukumbi.

chekamoja

"Nafikiri waliosema ndio wameshinda"

uzi ufungwe 😂

Mkereketwa77

@chekamoja umeniua 😂😂 hasa hiyo "nafikiri"

@KaraniMstaafu asante mkuu, hiyo ya kurasa kuchanganyika nimeisoma mara mbili. Ila hizo siku 20 za upinzani, hoja ikipita serikali inalazimika kuitekeleza? Au ndo tamasha lingine tu

KaraniMstaafu

Kwa kawaida haibani kisheria, ni sauti ya bunge tu. Serikali yenye wengi inaikataa kwa kura au inaleta marekebisho ya kuifuta makali. Faida yake ni kulazimisha jambo liongelewe na kura zionekane, nani alikuwa wapi. Sio kidogo ila sio kikubwa pia, nakubali.

BintiSheria

Jamani mimi naomba niwe mchawi kidogo kwenye huu uzi maana naona tunaenda upande mmoja. Kila mtu anaongea kama wachache ni malaika wananyanyaswa. Kanuni nyingi kali mnazozilalamikia zilizaliwa kwa sababu wachache walipopewa uhuru waliutumia kulizuia bunge lisifanye kazi kabisa.

Uingereza mpaka 1881 hakukuwa na namna ya kukata mjadala, mtu anaongea mpaka achoke. Wabunge wa Ireland chini ya Parnell wakaona hapo hapo, muswada wa kuwabana Waireland ulipoletwa wakaongea kwa zamu, kikao kilianza tarehe 31 Januari kikaenda saa 41 mfululizo, mpaka asubuhi ya tarehe 2 Februari Spika Brand akasimama akakata mjadala kwa mamlaka yake mwenyewe bila kanuni yoyote kumruhusu. Mwaka uliofuata ikaandikwa kanuni ya kufunga mjadala, na 1887 ikaja ile ya kugawa muda mapema, wenyewe wanaiita gilotini na jina linajieleza. Sasa usiwalaumu tu wenye wengi. Waireland walikuwa na haki ya kupinga sheria ile, mimi ningekuwa upande wao, ila silaha waliyoitumia ndo iliyotengeneza pingu za kila mchache aliyekuja baada yao.

Marekani 1890 ni kichekesho zaidi. Wachache walikuwa wanakaa ukumbini kabisa, jina likiitwa wananyamaza, kwa hiyo akidi haitimii na hakuna kinachopita. Spika Reed siku moja akaamua kumwagiza karani awaandike waliopo hata kama hawajaitika. Mmoja akasimama kwa hasira kupinga haki ya Spika kumhesabu kuwa yupo, Reed akamuuliza, kwani unakana kwamba upo? Ukumbi ulichafuka siku kadhaa. Chama kile kingine kilivyoshika wengi kikaifuta kanuni ya Reed, basi Reed akiwa sasa ndo mchache akawafanyia mchezo ule ule wa kunyamaza mpaka 1894 wakairudisha wenyewe kwa mikono yao.

Na kuhusu Seneti yao, ile filibasta, yani kuongea bila kukoma ili muswada usipigiwe kura, wanayoipamba kwenye sinema kama kijana mmoja mwadilifu anatetea haki. Strom Thurmond 1957 alisimama saa 24 na dakika 18 kupinga muswada wa haki za raia weusi, na muswada ukapita usiku ule ule. Alimshawishi nani? 1964 maseneta wa kusini walizuia sheria ya haki za raia miezi mpaka zikapatikana kura 71 kwa 29 za kukata mjadala. Hapo "mchache" aliyelindwa na kanuni alikuwa mtu wa kubagua, na mchache mwenye ngozi nyeusi alikuwa nje ya jengo anasubiri. Siku hizi hata kuongea hawaongei, kiongozi anajua kura 60 za kukata mjadala hazipo anaacha kuleta muswada, basi. Huo sio mjadala, ni ukimya wenye jina la mjadala.

Kwa hiyo kabla ya kusema "wape wachache nguvu" niambieni nguvu ya kufanya nini.

mtazamaji_wa_mbali

@BintiSheria umewasha moto. Ngoja niweke kambi

Mkereketwa77

Binti nimekusoma, na kweli sikuwaza upande huo. Lakini unachosema wewe ni kwamba wachache wakipewa nguvu ya kuchelewesha wataitumia kuchelewesha. Sawa. Ila ukiwanyang'anya wanabaki na nini? Kupiga kelele kutoka nje ya ukumbi na kususa vikao. Na mimi naona wanasusa kwa sababu ndani hakuna wanachopoteza wakitoka.

NgaziYaMwisho

Habari zenu, nilikuwa nasoma tu ila swali la Binti ni zuri sana nikashindwa kunyamaza, nguvu ya kufanya nini. Nadhani jibu liko kwenye kutenganisha mambo mawili ambayo kila siku tunayachanganya, nguvu ya kuzuia na nguvu ya kuuliza. Mchache asiwe na nguvu ya kuzuia, kwenye mambo ya kawaida namaanisha. Ila awe na nguvu kamili, isiyoombwa kwa mtu, ya kuuliza na kupata jibu.

Wajerumani ndo nawapendea hapo. Katiba yao ibara ya 44, robo ya wabunge wa Bundestag, bunge lao, wakitaka tume ya uchunguzi inaundwa, ni lazima, haipigiwi kura ya kukataa. Hebu fikiria tofauti yake, kwenye mabunge mengi upinzani unaleta hoja ya kuchunguza serikali, alafu wanaopiga kura kuamua kama serikali ichunguzwe ni wabunge wa serikali! Ni kama kumuomba mtuhumiwa ruhusa ya kufungua jalada. Robo hiyo hiyo inaweza pia kupeleka sheria mahakama ya katiba.

Sasa utamu uko hapa. 2013 vyama viwili vikubwa viliungana kuunda serikali, upinzani ukabaki na viti 127 kati ya 631, asilimia 20 hivi. Robo haifiki. Ghafla haki zote zilizoandikwa vizuri kwenye katiba hakuna mtu wa kuzitumia. Walichofanya 2014 ni kurekebisha kanuni za bunge kwa muhula ule, wakaandika kwamba wabunge 120 wanatosha kuanzisha uchunguzi. Chama kimoja cha upinzani hakikuridhika, kikaenda mahakama ya katiba kudai haki zaidi, 2016 mahakama ikasema hapana, katiba inasema robo na robo ni robo. Mimi hapo najifunza kwamba namba yenyewe ndo kila kitu. Usiandike "upinzani utakuwa na haki ya", maana mtabishana nani ni upinzani. Andika namba, na uiweke chini kiasi kwamba hata siku upinzani ukiwa umepigwa vibaya kwenye uchaguzi bado wanaifikia.

Ufaransa waliandika namba, 60. Kabla ya 1974 waliokuwa wanaweza kupeleka sheria kwenye Baraza la Katiba ni watu wanne tu, rais, waziri mkuu na maspika wa mabunge mawili, na kwa kawaida wote ni wenye nchi hao. 1974 wakaongeza wabunge 60 au maseneta 60. Maneno machache tu yale na kazi ya baraza zima ikabadilika, maana tangu hapo sheria kubwa nyingi zinaenda kukaguliwa na waliopeleka ni upinzani. Na waziri akijua kabisa kwamba kuna 60 wanamsubiri nje anaanza kuandika muswada kwa adabu.

BintiSheria

Hii naikubali karibu yote, nguvu ya kuuliza. Ila Ufaransa usiipambe sana kaka. Wana ibara ya 49 aya ya 3, waziri mkuu anasema muswada huu umepita bila kura isipokuwa mkiniangusha. Mageuzi ya pensheni Machi 2023 yalipita hivo, kura ya kuiangusha serikali ikapungukiwa kura 9 tu. Na kabla ya hapo upinzani ulikuwa umemwaga marekebisho zaidi ya 20,000 kwenye muswada mmoja. Elfu ishirini! Nani anajadili hayo? Unaona mchezo, wa upande huu anamwaga mchanga, wa upande ule analeta katapila, na pensheni yenyewe mpaka siku ya mwisho bunge la chini halijaipigia kura.

NgaziYaMwisho

Kweli kabisa dada, na nakubali kwamba kila mmoja anamsingizia mwenzake kuwa ndiye aliyeanza. Ndo maana nasema nguvu ya kuzuia iwekewe bei na ukomo. Waswidi wana kitu kizuri kwenye katiba yao, muswada unaobana haki za msingi za raia, wabunge 10 tu kati ya 349 wakidai, unasimamishwa miezi 12. Kumi tu! Ila bunge likipata tano ya sita ya waliopiga kura wanaweza kuupitisha papo hapo. Na sio kila muswada, ni wa kubana haki. Hapo ucheleweshaji una kazi, nchi inapata mwaka wa kuufikiria, joto linapoa, uchaguzi unaweza kuwa umepita katikati. Mtu hahitaji kusimama saa 24 akisoma kitabu cha simu.

Na Wadenmark tangu katiba ya 1953, theluthi ya wabunge, yani 60 kati ya 179, wanaweza kudai sheria iliyopitishwa ipelekwe kwa wananchi kwa kura ya maoni. Sio sheria zote, za bajeti na kodi kwa mfano hazimo. Imetumika mara moja tu, 1963, sheria nne za ardhi, zote zikaanguka. Mara moja tu katika miaka yote hiyo, na mimi naamini hiyo ndo sababu ya watu kule kuelewana kwenye kamati kabla mambo hayajafika ukumbini. Fimbo ya mbali imekaa ukutani, haijashuka, ila kila mtu anaiona.

chekamoja

fimbo ya mbali haiui nyoka mkuu

NgaziYaMwisho

@chekamoja 😄 hii ya kwao inamtisha nyoka asitoke shimoni

Pwani_Kusi

Mi nina swali labda la kijinga. Mnasema wachache wachache ila wachache wapi? Maana humu wote mnaongelea chama cha upinzani. Kuna wachache wa kabila na lugha, hao hata vyama vyote viwili vinaweza kuwasahau kwa pamoja bila ugomvi. New Zealand Wamaori wana viti vyao tangu 1867, vilianza vinne sasa ni saba. Slovenia ndo wameenda mbali kabisa, Waitalia na Wahungari kila jamii ina mbunge mmoja kati ya 90, na sheria inayohusu haki zao tu haipiti bila ridhaa ya hao wawakilishi. Mtu mmoja kati ya 90 anasema hapana na inakuwa hapana. Hiyo ni nguvu ya kuzuia kabisa Binti, unaikataa?

Alafu kuna wachache wengine hamjawataja kabisa, wachache ndani ya chama tawala chenyewe. Mbunge wa kawaida asiye na cheo ambaye anaona muswada wa chama chake ni mbovu. Huyo ndo mtu mpweke kuliko wote mule ndani maana upinzani angalau wana wenzao wa kunywa nao chai.

BintiSheria

@Pwani_Kusi sio swali la kijinga hata kidogo, umenibana. Ya Slovenia siikatai, kwa sababu inahusu mambo ya kwao tu. Mchache anazuia kufanyiwa, hazuii wengine kufanya yao. Nilikuwa sijawahi kuliweka hivo kichwani, asante.

KaraniMstaafu

Hapo kwa mbunge mpweke wa chama tawala Pwani_Kusi umegonga penyewe, na kwa uzoefu wangu huyo ndo ufunguo wa mjadala wote. Mjadala unakuwa wa kweli siku matokeo hayajulikani. Upinzani hata wakiongea kama malaika matokeo yanajulikana, 150 kwa 80 asubuhi, 150 kwa 80 jioni. Ila wakiwepo 36 upande wa serikali ambao wanaweza kuhama, ghafla waziri anakaa ukumbini mwenyewe, anaandika, anajibu hoja kwa jina la mtu. Nimeyaona hayo mara chache sana na siku hizo hata sisi makarani tulikuwa tunasahau njaa.

Sasa kanuni inaweza kumsaidiaje huyo mtu? Kwanza muangalie nani anampa na kumnyang'anya nafasi kwenye kamati. Kama ni mnadhimu wa chama, yule anayehakikisha wabunge wanapiga kura kama chama kinavyotaka, basi huyo mbunge ana kamba shingoni. Uingereza 2001 wanadhimu wa chama tawala walijaribu kuwaengua wenyeviti wawili wa kamati waliokuwa wanaibana serikali, wabunge wakagoma wakawarudisha kwa kura. Ikachukua mpaka 2010 ndo wakabadili kanuni kabisa, wenyeviti wa kamati nyingi za kuisimamia serikali wakawa wanachaguliwa kwa kura ya siri ya bunge zima. Vyama vinagawana idadi ya viti vya uenyekiti kulingana na ukubwa wao, ila nani akae kwenye kiti kile wanaamua wabunge wote. Fikiria maana yake, mwenyekiti kutoka chama tawala anahitaji kura za upinzani ili ashinde, na wa upinzani anahitaji za chama tawala. Anayechaguliwa ni yule ambaye pande zote zinamheshimu, au angalau hazimchukii sana. Na akishachaguliwa mnadhimu hana cha kumfanya.

Kitu kingine kidogo cha huko huko ambacho nakipenda kuliko vyote na hakitajwi sana. Kanuni yao ya kufunga mjadala, ile iliyotokana na Parnell, inasema mbunge anaweza kuomba mjadala ufungwe, ila Spika anaweza kukataa hata kuipigisha kura akiona inaingilia haki za wachache. Imeandikwa hivo hivo kwenye kanuni. Na hata akiiruhusu, lazima waliounga mkono wafike 100, sio kuzidi tu. Kwa hiyo Ijumaa, siku ya miswada ya wabunge binafsi, wabunge wamerudi majimboni, ukumbini mko 70, huwezi kufunga mjadala hata mkikubaliana 65 kwa 5.

Mkereketwa77

Hapo kwenye Spika kukataa, si tumerudi kule kule kwa hisani ya mtu mmoja? Spika mwema atakataa, Spika wa chama ataona haki za wachache ziko salama kabisa kila siku 😅

KaraniMstaafu

Ndio mkuu, hilo siwezi kulipinga. Kule inafanya kazi kwa sababu Spika akishachaguliwa anajitoa kwenye chama, na ni desturi ya muda mrefu. Ukihamisha kanuni bila desturi umehamisha karatasi.

NgaziYaMwisho

Na desturi nazo zina siku yake ya kuvunjika. Bundestag uenyekiti wa kamati ulikuwa unagawiwa kwa vyama kulingana na viti, miaka na miaka hakuna aliyebisha, mkipata mnapata. Ikaja AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, 2021 wengine wakasema basi tupige kura, wagombea wa AfD wakakataliwa wote. Wakaenda mahakamani, Septemba 2024 mahakama ya katiba ikasema bunge lina uhuru wa kupanga mambo yake ya ndani, hakuna haki ya kupewa uenyekiti. Sasa mimi sio shabiki wa chama kile hata kidogo, ila najiuliza hiyo kura ya siri unayoisifia mkuu ndo hiyo hiyo iliyotumika kule kumnyima mchache kiti.

KaraniMstaafu

Tofauti ni kwamba Uingereza idadi ya viti inagawiwa kwanza na inalindwa, kura inaamua mtu tu. Kule kura iliamua hata kama chama kipate au kisipate. Ila nakubali ni uzi mwembamba, chama kikileta mgombea mmoja tu kinachobaki ni kumkubali au kumkataa.

BintiSheria

Na mimi niongeze kitu kitakachowaudhi. Kamera. Mkereketwa uliona watu wanasoma karatasi mtandaoni, unadhani walikuwa wanamsomea nani? Wewe! Klipu ya dakika mbili ya kuweka mtandaoni. Mtu hawezi kusema "mheshimiwa mwenzangu amenishawishi, nabadili msimamo" mbele ya kamera, kesho ni kichwa cha habari amenunuliwa. Wamarekani 1787 katiba yao waliiandika milango imefungwa na walinzi nje, na mtu aliruhusiwa kubadili mawazo, kura iliyopita ilikuwa inaweza kurudiwa. Siwaambii mfunge bunge. Nasema hatua ya kamati kupitia vifungu, pale pa nukta na koma, kuwe na muda wa faragha, alafu kila marekebisho yaliyokataliwa yaandikwe hadharani na sababu ya kukataliwa na jina la aliyejibu.

Pwani_Kusi

Faragha hapana dada. Hapo ndo mikataba yote inapofungiwa. Mchache silaha yake kubwa ni kuonekana, ukimfungia mlango na wenye nguvu unadhani watamsikiliza kwa mapenzi?

BintiSheria

Silaha ya kuonekana ndo hiyo hiyo inayomfanya aongee na simu badala ya kuongea na jirani yake. Ila nakuelewa. Hii ya sababu ya maandishi je, bila faragha, unaikubali?

Pwani_Kusi

Hiyo ndio. Hiyo naichukua na mikono miwili.

Mkereketwa77

Wakuu nimefaidi. Nilikuja nikidhani jibu ni kuongeza dakika, sasa dakika sizitaki tena. Ningekuwa na rungu: moja, uchunguzi uanzishwe kwa namba na sio kwa kura ya wengi, na ningeiweka moja ya tano badala ya robo kwa sababu ya ile ya 2013 ingawa naona hata 127 kati ya 631 ni mwaka wa kuponea chupuchupu. Mbili, marekebisho yakikataliwa waziri ajibu kwa maandishi kwa jina kabla ya kura ya mwisho, asipojibu kura haipigwi.

KaraniMstaafu

Hiyo ya pili, yakija 20,000 je? Waziri ataandika mpaka astaafu, na Binti atakwambia ndo Parnell huyo amerudi.

Mkereketwa77

Dah. Basi kila kambi iwe na kikomo, labda 30 kwa muswada, wachague wenyewe yapi ya maana?

NgaziYaMwisho

Na mbunge asiye na kambi anahesabiwa wapi?